Ugonjwa Uliosajiliwa kwa Jina la Kaka

Kwa miezi miwili nilisoma Kiingereza kigumu kuliko chochote nilichowahi kusomeshwa chuoni, na nilikisomea kwenye simu, nimeegemea meza ya jikoni kwangu Kinondoni, wali ukishika chini. Nilikuwa natafuta jaribio la tiba. Saratani kali ya damu, ile inayoanzia kwenye uboho wa mifupa, ilikuwa imemrudia mdogo wangu baada ya kukaa kimya mwaka mmoja na ushee, na daktari wake alituambia kwamba dawa zilizompa nafuu mara ya kwanza zisingetosha mara ya pili. Njia iliyobaki yenye maana, alisema, ni kumtafutia utafiti unaopokea wagonjwa wa aina yake. Alitamka neno "kumtafutia" kana kwamba anatutuma sokoni. Hakusema utafiti huo uko wapi, wala mtu anabisha hodi mlango gani.

Kila utafiti nilioufungua ulikuwa na orodha mbili: anayefaa na asiyefaa. Nilikuwa nasoma ya kwanza kwa matumaini yanayopanda, kisha nafika kwenye ya pili na kukatwa katikati. Mmoja ulitaka watu ambao hawajawahi kutibiwa. Mwingine ulitaka waliovuka miaka sitini. Mwingine ulitaka kasoro fulani ya vinasaba ambayo hakuna aliyewahi kutuambia kama tunayo au hatuna. Mmoja ulimfaa mdogo wangu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, lakini ulifanyika katika mji wa ng'ambo unakoanguka theluji. Niliandika barua pepe nyingi. Watafiti wa mahali fulani walinijibu kwa adabu kubwa kwamba nimwombe daktari wetu awasiliane nao. Daktari wetu akaniambia niwaombe wao wawasiliane naye. Nilibaki katikati ya watu wawili wastaarabu wanaosubiriana, huku mgonjwa akizidi kupauka.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba fomu ndiyo kazi yangu. Nimekaa miaka ishirini na moja katika ofisi ya udahili ya chuo, upande wa ndani wa dirisha. Vijana wananiletea vyeti, nami navirudisha: jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la kidato cha nne, nenda kalete kiapo. Sikuwahi kujiuliza wanaposhuka zile ngazi wanakwenda wapi.

Hatimaye niliambiwa na muuguzi mmoja, tena kwa bahati tu tukiwa kwenye foleni ya maabara, kwamba hapa hapa jijini kuna hospitali iliyokuwa inaandikisha wagonjwa waliorudiwa na ugonjwa huo. Nilipiga simu nikiwa bado kwenye foleni. Mratibu wa utafiti alikuwa mama mwenye sauti ya haraka.

"Mgonjwa ana umri gani?"

"Arobaini na nne."

"Anatembea mwenyewe?"

"Anatembea."

"Basi mama, leteni vitu vitatu. Majibu ya uboho ya mara ya kwanza, muhtasari wa matibabu aliyopewa, na kitambulisho cha taifa. Majina yalingane, tafadhali. Wafadhili wetu hawana mchezo kwenye majina. Na mwisho wa mwezi tunafunga kuandikisha."

Nilimwambia hakuna shida. Kisha nikatafuta mahali pa kukaa, kwa sababu shida ilikuwepo, tena ilikuwa kubwa, na tulikuwa tumeitengeneza wenyewe.

Mdogo wangu ni mchongaji. Anachonga mpingo katika banda moja kule Mikocheni, kazi ya baba yetu aliyetoka nayo kusini, na kama wachongaji wengi anaofanya nao kazi hakuwa na bima ya afya. Kaka yetu mkubwa, mtunza stoo katika taasisi moja ya umma, alikuwa nayo. Siku mdogo wangu alipoanguka mara ya kwanza, fizi zikivuja damu na mapaja yamejaa madoa kama ya mtu aliyepigwa, hapakuitishwa kikao. Kaka alichomoa kadi yake kwenye pochi, akamkabidhi mke wa mgonjwa, basi. Picha ya kadi ilipigwa kaka angali na nywele, kwa hiyo mdogo wangu alifanana nayo kuliko mwenye kadi mwenyewe. Nasema kweli, hakuna hata mmoja wetu aliyehisi kwamba anaiba. Nyumbani kwetu kadi ya bima ilikuwa kama ngazi: anayetaka kupanda anaichukua, akimaliza anairudisha ukutani.

Hivyo kwa miezi minne mdogo wangu alilazwa, akatobolewa uboho, akatiwa dawa kali na kunyonyoka nywele kwa jina la kaka. Mkewe alimwita "baba watoto" na kuepukana na hatari. Wageni tulikuwa tunawapokea getini na kuwapa maelekezo. Ila mzee mmoja wa kanisa alisahau. Alisimama kando ya kitanda na kumwombea kwa sauti, kwa jina lake halisi, mara saba. Mgonjwa wa kitanda cha pili akafumbua macho.

"Aisee braza, kumbe una majina mawili kama msanii wa singeli?"

"La kanisani hilo," mdogo wangu akamjibu, na wodi nzima ikacheka.

Dalili kwamba tumejifunga kamba ilionekana mwaka jana, nasi tukaicheka vilevile. Kaka alikwenda kung'oa jino. Daktari wa meno alifungua kompyuta, akasoma, akasoma tena, akasimama. "Mzee, wewe na hali hii umekujaje kwa miguu?" Alikataa kumgusa mpaka alete ruhusa ya daktari wa saratani. Kaka alirudi nyumbani na shavu limevimba, akatusimulia kwa kuigiza, na sisi tukajishika mbavu. Mimi, mtaalamu wa majina yasiyolingana, nilicheka kuliko wote.

Baada ya ile simu ya mratibu tulikutana kwa mama, Pugu. Tulikuwa watano: mama, kaka, mgonjwa, mke wake na mimi. Mdogo wangu alilala kwenye kochi, miguu juu ya mto, akitusikiliza kama mtu anayesikiliza mpira wa timu asiyoishangilia.

"Ishu ndogo hii," kaka alisema. "Pale Temeke kuna wakili, anagonga muhuri dakika tano. Tunaapa kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na umri ulikosewa kuandikwa. Watu wanafanyaga kila siku. Dada hapa shahidi."

"Shemeji, si bora tuwaambie tu ukweli?" mke wa mgonjwa aliuliza.

"Ukweli upi, shemeji? Kwamba mie nilitoa kadi ya ofisi? Nimebakiza miaka mitatu nistaafu kwa hiari. Mitatu tu! Mkisema, mie nimekwenda na maji."

Mama alikuwa anachambua mchele. "Mtu mmoja?" alisema bila kuinua uso. "Nyie wawili nimewazaa mie, na mmepishana miaka minane. Leo mnataka kwenda kuapa kwamba nilizaa mara moja?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Na damu yake ni karatasi?"

Kaka akamgeukia mgonjwa. "Wewe unasemaje?"

"Mie jina lolote mtakalonipa nitaitika. Nishazoea." Alifumba macho. "Ila fanyeni haraka. Jana nimeshindwa kunyanyua tindo."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimeviona viapo vya namna ile maelfu. Maneno yake nayajua kwa moyo, na cha uongo naweza kukitambua kabla sijafika aya ya pili. Usiku huo huo nilikichapa mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi niliyobeba nyumbani, kwa Kiswahili safi cha kisheria, na kesho yake mdogo wangu akaapa mbele ya wakili ambaye hakuinua macho. Kilikuwa kiapo kizuri. Angekileta mwanafunzi dirishani kwangu ningempokea.

Siku mbili baadaye tulikuwa mbele ya daktari wa utafiti, mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano aliyeniamkia "shikamoo mama" kwa upole ulionitia aibu mapema. Alisoma kiapo, akakiweka pembeni. Sikuamini ilivyokuwa rahisi. Kisha akafungua faili la kaka, lote, si zile kurasa tulizotaka zisomwe.

"Baba, una tatizo la moyo tangu lini?"

"Moyo?" mdogo wangu alishangaa. "Mie?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Wakati ule damu yake haikuwa na uwezo wa kuganda sawasawa. Alama ya kisigino changu aliibeba wiki mbili, na kila aliyemtembelea alionyeshwa.

"Ndiyo, daktari," nikadakia, "presha kidogo."

"Si kidogo, mama. Hapa miaka sita iliyopita moyo umepanuka, akaanzishiwa dawa. Halafu kabla ya matibabu ya saratani amepimwa, moyo safi kabisa, kama wa kijana. Mwaka huu mwezi wa nne umepanuka tena." Alimtazama mgonjwa, akatazama faili, akamtazama mgonjwa. "Moyo haufanyi hivi. Na hata ungekuwa unafanya, mwenye moyo uliopanuka hatumpokei. Dawa tunayoijaribu inaweza kumwangusha. Kwa maandishi haya, baba, umeshatoka."

Nilielewa pale pale tulichokifanya. Tulikuwa tumeapa kwamba wao ni mtu mmoja; basi mdogo wangu alikuwa amerithi kwa kiapo shinikizo la damu la kaka, vidonge vya kaka na moyo wa kaka. Nilikuwa nimemtoa kwenye utafiti kwa mkono wangu, kwa lugha fasaha. Nikaanza kutafuta sentensi nyingine. Nilikuwa nayo tayari, nadhani, jambo fulani kuhusu makosa ya mashine, pale mdogo wangu alipojiinua kwenye kiti.

"Daktari, huo moyo si wangu. Wa kaka yangu. Na jina la kaka. Cha kwangu humo ndani ni hiyo damu tu."

Daktari alifunga faili taratibu.

"Kiapo hiki nani kakiandika?"

"Mimi."

"Unafanya kazi gani, mama?"

Nilimwambia. "Udahili," alirudia, bila kucheka, na ningefurahi sana kama angecheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu aanze kazi ameona kadi nyingi za kuazima, anajua zinavyotoka mfukoni na anajua kwa nini. Jambo linalomtisha ni lingine: kwamba angeweza kumtia mtu mmoja dawa kwa vipimo vya watu wawili. "Angefia mikononi mwangu," alisema, "na karatasi zote zingekuwa safi."

Hakutufukuza. Lakini alitaka mambo ambayo kila moja lilinichosha kulisikia. Hospitali ya kwanza ithibitishe kwa barua kwamba aliyelala kitanda kile ni huyu, si yule. Uboho upimwe upya, maana majibu ya zamani hayana mwenyewe. Kamati ya maadili iarifiwe na ikubali. Na mwenye kadi aje mwenyewe, na kitambulisho chake, aandike kwa mkono wake yaliyotokea. "Zimebaki siku kumi na moja," alisema.

Nilikwenda kwa kaka Temeke jioni hiyo hiyo. Alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha kiti.

"Kwa hiyo mmeniuza."

"Tumesema ukweli."

"Wewe umesema ukweli kwa shingo yangu. Nilipotoa kadi hamkuniita mwizi. Mliniita baba. Mama alinibariki!"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonifanya nipandishe sauti. Nilimwambia, majirani wakisikia, kwamba nimechoka. Nimechoka na orodha, na barua, na mihuri, na familia ambayo kila mlango inaojengewa inazunguka kuingilia dirishani. Nilisema mengi mengine ambayo sikuwa na haki ya kuyasema, mimi niliyekichapa kiapo. Wifi yangu, mke wa kaka, alitoka na kikombe cha maji, akaniwekea mkononi, nikayanywa, nikaondoka.

Siku tatu kaka hakupokea simu. Mimi nilikuwa napanda na kushuka ngazi za hospitali ya kwanza nikitafuta barua. Mtu wa masjala aliniambia faili halilingani na maelezo yangu, nirudi na kiapo. Nilimtazama mpaka akauliza kama naumwa. Mwishowe nilimpata daktari wa wodi aliyemtibu mdogo wangu, na nilipomwonyesha picha kwenye simu alisema mara moja, "Huyu si yule mchongaji? Alinichongea twiga." Barua niliipata kwa sababu ya twiga.

Siku ya nne mratibu alinipigia. "Mama, kuna mzee hapa kavaa suti, anasema ndiye mwenye moyo."

Nilipofika alikuwa ameshaandika kurasa mbili, kwa herufi kubwa za mtunza stoo, bila kujitetea popote. Nilitaka kumshukuru, akaniinulia kiganja. "Sijaja kwa ajili ya kelele zako. Alinipigia mwenyewe. Kaniambia, 'Braza, kama huji, sema tu, mie nipumzike kutafuta.' Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia bei ya mbao." Akaifunika kalamu. Mwezi uliofuata aliitwa kazini kujieleza, na ninapoandika haya bado hajapewa jibu. Hatujui kama watamwacha astaafu kwa heshima. Yeye halizungumzi, nasi hatuthubutu.

Sindano ya uboho inaingia kwenye mfupa wa nyonga, na hakuna ganzi inayofika mahali inapovuta. Mdogo wangu alikuwa ameshaipitia mara ya kwanza, na majibu yake yangetosha kama yangekuwa na jina lake. Alilala kifudifudi, akaomba nimshike mkono. Daktari alipovuta, aliminya vidole vyangu mpaka pete ikaniingia.

"Sista," alisema meno yameumana, "hii sindano ni deni lako."

"Ni langu," nikamwambia.

Kamati ilikubali zikiwa zimebaki siku mbili. Tulisomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, kurasa kumi na saba, na daktari hakuruka hata mmoja. Wagonjwa wote wangepewa dawa ya kawaida. Kisha nusu yao wangeongezewa kidonge kipya, na nusu wangepewa kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa ndani. Kompyuta ndiyo ingechagua. Mgonjwa asingejua, na daktari naye asingejua.

"Subiri kwanza," kaka alisema. "Tumehangaika kote huku, na anaweza kuja kumeza unga mtupu?"

"Anaweza, mzee. Juu ya dawa ya kawaida."

"Kwa hiyo mnamjaribia dawa kama panya."

"Panya haulizwi, mzee. Yeye ninamuuliza." Akamgeukia mgonjwa. "Unaweza kukataa sasa hivi. Unaweza kutoka siku yoyote, hata kesho, na tutaendelea kukutibu."

Mdogo wangu aliomba arudiwe ukurasa wa madhara, akausikiliza wote, akauliza kama mikono itatetemeka, akajibiwa kwamba inawezekana. Kisha akasaini, polepole, kwa jina lake mwenyewe, ambalo hadi mwezi ule hospitali zilikuwa hazijawahi kuliandika. Mimi nilisaini kama shahidi, na safari hii nilichoshuhudia kilikuwa kweli.

Jumatatu iliyofuata alipewa kidonge cha kwanza, cheupe, kidogo kuliko nilivyotarajia baada ya miezi yote ile. Muuguzi alikiweka kwenye kikombe cha karatasi, akatoka kuchukua maji. Ndipo kaka alipotuinamia.

"Sikilizeni. Kwenye stoo yao ya dawa kuna jamaa mmoja wa kwetu, ndugu wa shemeji yake rafiki yangu. Ninaweza kumuuliza kimyakimya tu, hiki ni kipi. Kama ni unga, tuone namna..."

Mtu huyu alikuwa ametoka kuhatarisha pensheni yake kwa kusema ukweli, na wiki mbili hazijaisha.

"Braza," mdogo wangu alisema. Hakupandisha sauti. "Ukimuuliza huyo jamaa, mie natoka. Leo leo. Umesikia walivyosoma, naweza kutoka siku yoyote."

"Lakini nataka tu kujua..."

"Na mie nataka kujua. Mie ndiye ninayemeza."

Muuguzi alirudi na maji. Mdogo wangu alikimeza kile kidonge, akafungua mdomo kumwonyesha kwamba kimekwenda, kama utaratibu unavyotaka, kisha akamgeuzia kaka ule mdomo wazi na kumwonyesha na yeye. Kaka akaangalia pembeni, akamuuliza muuguzi kama hapo karibu kuna mahali wanauza supu.